Kicheko cha Mhandisi Rehani

1

Nimehakiki vipindi mia mbili na sita tangu nikabidhiwe muhuri, na nimelia mbele ya skrini mara moja tu, tena siku hiyo nilikuwa nimekata pilipili nikajisahau nikajifuta jicho. Nasema mapema ili ujue unaongea na mtu wa namna gani. Mafundi wananiita Mama Kisu. Sioni ubaya. Kisu kina kazi yake jikoni.

Jumatatu ile nilifika Nyumba ya Ufumaji saa tatu asubuhi, mvua ya Mbeya ikiwa imenilowesha mpaka soksi. Fundi mkuu, Lusajo, alikuwa ananisubiri mlangoni huku akitabasamu peke yake.

"Shikamoo mama. Kipindi cha kumi na nne kimekamilika. Asilimia tisini na saba!"

"Marahaba. Asilimia tisini na saba ya nini, baba? Ya mvua?"

"Ya makubaliano. Mashahidi thelathini na mmoja, wote wameona kitu kilekile. Tangu mashine ifungwe hapa hatujawahi kupata namba hiyo."

Alinivutia kiti, akaniwekea taulo miguuni kwa sababu ananijua, akawasha Mfumaji.

Mfumaji ni mashine ya ukubwa wa kabati la nguo, na ndiyo pekee tuliyo nayo nyanda zote za juu kusini. Jua lilipotupiga na moto wake miaka ishirini na miwili iliyopita, siku tunayoiita Mfuto, kila kilichokuwa kimehifadhiwa kwa umeme kilipotea: picha za harusi, nyimbo, hati za viwanja, tamthilia. Tulibaki na vichwa vya watu. Basi mtu aliyewahi kutazama kipindi fulani anafungwa kitambaa chenye nyaya kichwani, anaulizwa pole pole anachokumbuka, na mashine inachora. Mchoro wa mtu mmoja haufai kitu, kwa maana kumbukumbu ya mtu mmoja ina matobo kama soksi zangu. Lakini mashine inaweka mchoro wa huyu juu ya mchoro wa yule, na pale wengi wanapokubaliana inafuma. Pakibaki tundu, inauliza tena.

Halafu naitwa mimi. Natazama, naandika uhakiki, nagonga muhuri: Halisi, au Haijathibitishwa. Kikigongwa Halisi, kipindi kinaingia Hazina ya Taifa na michoro ya mashahidi inafutwa, maana mashine ina nafasi ndogo na foleni ni ndefu. Baada ya hapo, kurudi nyuma ni kuanza upya kabisa na mashahidi.

"Haya," nilimwambia Lusajo. "Zima taa."

Tamthilia yenyewe ilikuwa *Watu wa Mzingo*, na sitajifanya sina upendeleo. Naipenda tangu nikiwa na miaka tisa. Ilirekodiwa Morogoro, ndani ya ghala la mkonge, miaka hamsini iliyopita. Kituo chao cha angani kilikuwa cha mabati, mapangaboi na makopo ya maziwa yaliyopakwa rangi ya fedha, na watu mia nne walikuwa wanaishi humo wakiizunguka dunia na kugombania maji. Vipindi kumi na vitatu vya kwanza nilivigongea Halisi mimi mwenyewe. Niliwahi hata kuandika makala ndefu kuhusu ukimya wa waigizaji wale. Kabla ya kila neno zito walikuwa wananyamaza kidogo, wote, kama watu wanaopima uzito wa ulimi. Nilisema huo ni ufundi wa mwongozaji ambao nchi hii haijaupata tena. Makala ile inasomeshwa vyuoni.

Kipindi cha kumi na nne kinaitwa "Wenzo". Tangi la maji la kituo limepasuka kwa nje. Kuna chumba kidogo chenye milango miwili: wa ndani unaingia kituoni, wa nje unatoka kwenye utupu ambako hakuna hewa. Ndani ya chumba hicho amesimama kijana Kitogo, vazi lake la angani likiwa limechanika begani. Upande wa pili wa kioo amesimama dada yake, Mhandisi Rehani, mkono kwenye wenzo unaofungua mlango wa nje. Wote wawili wanautaka unahodha.

Rehani ananyamaza. Anageuka kututazama sisi. Anacheka, kicheko kirefu cha kutoka tumboni, kisha anavuta wenzo. Kitogo anachukuliwa na giza.

Nilisisimka mpaka vidoleni. Ndicho kicheko nilichokisikia nikiwa mtoto, kilichonifanya nilale na shuka usoni wiki nzima.

"Leta wino," nilisema.

Ndipo ikabishwa hodi mlangoni.

2

Waliingia wanawake wawili na mtoto mchanga. Yule kijana, aliyembeba mtoto mgongoni, alijitambulisha kuwa anaitwa Subilaga. Yule mzee alikuwa mrefu, amenyooka, na kitenge cha kijani amekifunga kwa namna ya watu wanaojua kutazamwa. Niliujua ule mwendo kabla sijaujua uso.

"Shikamoo mama," nilimwambia, nikasimama na taulo langu.

"Marahaba mwanangu. Naitwa Nsajigwa. Zamani nilikuwa Rehani."

Lusajo aliangusha kalamu. Sote tuliamini waigizaji wa tamthilia ile wamekwisha kufa. Kumbe mmoja alikuwa Tukuyu, anachuma chai na kushona mashuka, saa moja tu kwa gari kutoka pale tulipo.

"Kwa nini hukujitokeza, mama?" nilimuuliza. "Tumetangaza miaka minne."

"Nijitokeze kwa nani? Niliporudi hapa Mbeya baada ya kipindi kile nilitemewa mate sokoni. Mama mmoja alivuka barabara na mtoto wake aliponiona. Niliwaambia ni maigizo, wakaniambia sawa, lakini mtu hawezi kucheka vile kama moyoni hamna kitu. Nikaenda kukaa mahali ambapo hakuna aliyekuwa na runinga."

Subilaga alimshusha mtoto mgongoni, akaanza kunieleza, naye alieleza haraka haraka kama mtu aliyekuwa ameyarudia maneno hayo garini njia nzima. Mtoto alikuwa na wiki tano. Alitaka kumpa jina la bibi yake aliyemlea, huyu huyu Nsajigwa. Ubatizo ulikuwa Jumapili. Lakini babu wa mume wake, Mzee Ambakisye, ndiye mwenye kauli kuhusu majina katika ukoo ule, na amekataa kata kata. Amesema jina la muuaji halitaingia kwake.

"Anajua ni filamu?" nikauliza.

"Anajua, mama. Anasema aliona kwa macho yake. Na sasa amesikia mashine yenu inakirudisha kipindi, anasema tusubiri mhakiki aseme. Mama Kisu akigonga Halisi, basi limekwisha. Asipogonga, atafikiria." Alitazama chini. "Samahani kwa kukuita hivyo."

"Ndilo jina langu. Mama, wewe unasemaje kuhusu kicheko?"

Bi Nsajigwa alinitazama kwa utulivu. "Sikucheka."

Sikupenda kulisikia lile neno, nakiri. Mashahidi thelathini na mmoja walikuwa upande mmoja, na upande wa pili bibi mmoja mwenye kila sababu ya kutaka mambo yawe vingine. Kwa sheria zetu shahidi mwenye faida na jambo anahesabiwa robo. Lakini mvua ilikuwa bado inanyesha na sikuwa na haraka, nikamwambia Lusajo awashe tena.

Bi Nsajigwa alitazama akiwa amesimama. Kipindi kilipoisha hakusema lolote kuhusu kicheko. Alisema jambo jingine kabisa.

"Mbona tunanyamaza nyamaza hivi?"

"Vipi?"

"Kila mtu akitaka kusema ananyamaza kwanza. Sisi hatukuwa hivyo. Ghala tulipewa kwa siku nne tu kila mwezi, mwongozaji alikuwa anatukimbiza. Tulikuwa tunaongea kama watu wanaokimbia mvua." Akacheka kidogo, na hakikuwa kicheko cha kwenye skrini hata kwa mbali. "Huyu ananyamaza kama anameza kitu."

 Nilijua alikuwa anameza nini. Alikuwa anameza chai.

3

Baba yangu aliitwa Angetile Mwaijande. Vijana wa leo wanalijua jina kwa sababu ya Ukumbi wa Angetile pale Mwanjelwa, lakini ukumbi ule ulianza kama kibanda umiza: kuta za mabati, mabenchi ya mbao, runinga moja ya inchi ishirini na moja juu ya kreti za soda. Baba alikuwa DJ wake. Simaanishi wa muziki. Alikaa kando ya runinga na kipaza sauti, akasimulia juu ya picha. Filamu ikiwa ya Kichina, anasimulia. Ikiwa ya Kiswahili, anasimulia pia, kwa maana watu walilipa kumsikia yeye. Sauti za wote alizitoa yeye: nahodha, mchumba, mbwa. Na kabla ya neno zito alikuwa anavuta funda la chai ya tangawizi. Watu walikuwa wanasubiri funda lile wakiwa wamebana pumzi.

Nilikuwa nakaa miguuni kwake kila Jumamosi mchana. Kazi yangu ilikuwa kushika chupa ya chai.

Niliwaomba wageni wangu wasubiri, nikamvuta Lusajo pembeni.

"Fomu za mashahidi. Wanaulizwa walitazamia wapi?"

"Wanaulizwa, mama. Ndiyo maana ya mashine: mashahidi wasiwe wameambukizana. Wakiwa mbali mbali na bado wanakubaliana, basi kitu kimetokea kweli." Akafungua faili. "Tazama. Nyumbani, Mbeya. Nyumbani, Mbeya. Nyumbani. Nyumbani. Wote thelathini na mmoja walitazama nyumbani kwao."

"Miaka ile? Watu thelathini na mmoja wa Mbeya walikuwa na runinga nyumbani?"

Lusajo ni mtoto wa juzi, hakuona tatizo. Mimi niliona, nikatamani kucheka na kulia. Enzi zetu mwanafunzi akikutwa kibanda umiza alikuwa anachapwa shuleni, kisha anachapwa nyumbani, na Jumapili anatajwa kanisani. Kwa hiyo tulijifunza kusema "nilikuwa nyumbani" kabla hatujaulizwa. Na sasa wale watoto ni wazee wenye wajukuu, wameletewa fomu ya serikali, na mkono umeandika wenyewe.

Nilihitaji mmoja tu akiri. Nilimchagua Mzee Ambakisye, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa kwenye orodha, jina la tisa.

Nilimkuta kesho yake barazani kwake Uyole, anachambua maharage, koti amelifunga vifungo vyote. Ni mzee wa kanisa na sura yake inakukumbusha madhambi yako. Tulisalimiana kwa kirefu, nikaulizwa habari za ukoo mpaka kizazi cha tatu.

"Mzee, nimekuja kwa kipindi cha *Watu wa Mzingo*."

"Yule mwanamke amekutuma?"

"Hajanituma. Nauliza ulitazamia wapi."

"Nyumbani."

"Mzee, baba yako alikuwa na runinga?"

Akachambua maharage matatu, manne. Nilimwacha. Ndani nilisikia vyombo vinaoshwa, mzee akainama, akapunguza sauti ili mke wake asisikie.

"Kwa Angetile," alisema. "Tulikuwa tunapita nyuma, kuna bati lilikuwa limelegea. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Lakini usiandike, dada. Mimi ninafundisha vijana."

"Nikiandika kwamba mlikuwa wengi?"

"Tulikuwa tumejaa mpaka mlangoni! Kina Anyitike, kina Mwambene, wote. Kile kibanda kilikuwa cha moto kama tanuri, ila baba yako alipoanza kusimulia, hukumbuki tena." Uso wake ulilegea ukawa wa mtoto. "Baba yako alikuwa anajua, dada. Alipotoa kile kicheko cha Rehani, mimi niliona nywele zinasimama."

Nilimtazama. Alikuwa amelisema mwenyewe na hakujisikia.

"Alipotoa nani, mzee?"

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Akatikisa kichwa kwa nguvu.

"Hapana. Rehani alicheka. Niliona meno yake."

4

Wengi wangeishia pale, na kwa kazi yangu ningeweza kuishia pale. Shahidi mmoja ameyumba, nagonga Haijathibitishwa, kipindi kinarudi kabatini, Mzee Ambakisye "anafikiria" mpaka Jumapili inapita na mtoto anabatizwa jina la shangazi fulani. Hakuna anayeumia sana. Na jina la baba yangu linabaki juu ya mlango wa ukumbi wake.

Lakini kuna jambo nililokuwa nalijua ambalo halikuwa kichwani mwa shahidi yeyote.

Kwetu tuna kisa tunachokisimulia kila tukikutana kwa sikukuu. Siku moja flashi iliyotoka Morogoro ilifika imenakiliwa mara nyingi mno mpaka sauti imekufa kabisa. Picha inacheza, kimya. Kibanda kimejaa. Mwenye flashi anatetemeka, anasema DJ, turudishe hela za watu. Baba akachungulia skrini, akavuta funda, akaninong'oneza mimi na chupa yangu: "Sauti hakuna, Tuse. Leo tunatunga." Akatunga kipindi kizima kutoka kichwani, na watu wakatoka wanalia. Tunakipenda kisa hicho kupita maelezo. Tulikisimulia hata siku ya mazishi yake, waombolezaji wakacheka.

Sikuwahi kujiuliza kilikuwa kipindi gani. Sasa nilijua. Baba hakusikia Rehani na Kitogo wanaambiana nini pale kwenye kioo. Aliona, kama nilivyokuja kujua baadaye, mwanamke amegeuka mgongo, mabega yanatikisika, mkono unavuta wenzo. Akachagua kicheko. Funda moja la chai, na msichana wa miaka ishirini na minne akahama mji.

Jumatano nilimrudia Bi Nsajigwa, aliyekuwa amefikia kwa mjukuu wake, nikamuuliza maneno yalikuwa yapi.

"Kitogo ndiye aliyetaka kutoka," alisema. "Tangi linavuja, watu mia nne watakufa kwa kiu, na ufa ule anaweza kuufikia yeye tu, mwembamba. Vazi limechanika, hatarudi, wote tunajua. Mara tatu ananiomba nifungue, mara tatu nakataa. Namwambia chukua huo unahodha, uchukue tu, ila toka humo. Ya nne ananitazama bila kuomba. Nikafungua." Alishika hewa, na kiganja chake kikazunguka kitu ambacho sikukiona. "Wenzo ulikuwa mkono wa pampu ya maji, wa chuma, baridi. Kamera ilikuwa nyuma yangu. Mwongozaji alisema uso wangu umeharibika kwa kulia, hautazamiki, basi wapige mgongo."

Nikamwambia kweli. "Mama, aliyecheka ni baba yangu."

 Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki.

"Yule DJ?" aliuliza. "Alikuwa ananichukia?"

"Hapana! Hakukujua. Alikuwa na watu wamejaa na sauti imekata."

"Miaka hamsini," alisema, "nilidhani nimeigiza vibaya."

Nililia. Pilipili haikuwepo, na sitaki kumsingizia mtu.

Nilikwenda kwa Lusajo moja kwa moja, nikamwambia anifunge kitambaa. Alikataa. Alinisomea sheria kama vile sikuwa mmoja wa walioiandika: mhakiki akiwa shahidi wa kipindi anachokihakiki, anarudisha muhuri, na kila alichogonga kwenye mfululizo huo kinafunguliwa upya.

"Vipindi kumi na vitatu, mama. Na makala yako ya ukimya."

"Makala ile inasifia mtu anayekunywa chai. Kadiri inavyokufa mapema ndivyo ninavyolala vizuri."

"Na mzee Angetile?"

Hapo alinibana. Nilikaa kwenye kiti cha mashahidi, ambacho kwa miaka yote sikuwahi kukikalia, na kumbe kinauma mgongo. Nilimfikiria baba. Alikuwa mtu mwema. Alimruhusu kila mtoto asiye na kiingilio apite kwenye lile bati lililolegea, na alilijua vizuri, ndiyo maana hakulipigilia misumari. Je, angetaka nini? Nilijaribu kumfanya aseme ninyamaze, nikashindwa. Hakuwahi kuvumilia mtu aharibiwe siku yake kwa kosa lake yeye. Mara moja alikanyaga kuku wa jirani akaenda kuomba radhi na kuku wawili.

"Funga, Lusajo."

Mashine ilichora. Lusajo aliniambia ilichukua dakika kumi na mbili. Ilionyesha mwanga wa bluu juu ya kreti za soda, na mtu mwembamba mwenye kipaza sauti akiinama. Sauti yake ilitoka kwenye spika za Nyumba ya Ufumaji, baada ya miaka thelathini ya kuwa kaburini: "Sauti hakuna, Tuse. Leo tunatunga." Lusajo alizima haraka akidhani nimeumia. Nilimwambia awashe tena, nimsikie mara moja zaidi.

Kisha tulimweka Bi Nsajigwa, atupe maneno ya pale kwenye kioo. Mashine ilimhesabia robo, kama sheria inavyotaka, ila mara hii Lusajo aliielekeza itenge sauti ya DJ na kila kilichotokana nayo. Kicheko kikaondoka kwenye michoro ya watu thelathini na mmoja. Meno aliyoyaona Mzee Ambakisye yakaondoka nacho. Kilichobaki chini yake, kwa wote, kilikuwa mwanamke aliyegeuka mgongo. Walikuwa wamemwona tangu mwanzo.

5

Huu ndio uhakiki wangu rasmi wa mwisho, kama ulivyobandikwa Ijumaa:

*Watu wa Mzingo, kipindi cha kumi na nne, "Wenzo". Vipo viwili. Cha kwanza kilitungwa na Angetile Mwaijande, DJ wa Mwanjelwa, Jumamosi moja mchana, kwa kipaza sauti na chai, kwa kuwa sauti ilikuwa imekufa. Ni kazi ya kusisimua na ya mtu hodari, na ilimkosea mwanamke asiye na hatia. Naomba kihifadhiwe kwa jina lake, kosa na sifa pamoja. Cha pili ni cha waliokiigiza. Uso wa Rehani hatuuoni hata mara moja, wala hatuuhitaji. Sijaona mgongo uliosema mengi kiasi hicho. Kasoro: mabati yanatikisika, na kopo moja la maziwa linasomeka chapa. Mhakiki ni binti wa mtunzi wa kwanza na ni shahidi. Muhuri ameurudisha. Pia anaomba radhi kwa makala yake kuhusu ukimya. Wote waliotazama kwa Angetile wakasema walikuwa nyumbani, wamesamehewa. Bati lilikuwa limelegea makusudi.*

Nilidhani kwenye maonyesho watakuja watu kumi. Jumamosi mchana Ukumbi wa Angetile ulijaa mpaka mlangoni. Wazee walikuja na fimbo na wajukuu, na walipokutana mlangoni walianza kucheka na kuoneshana vidole. "Hata wewe! Na ulivyokuwa kiranja!" Mke wa Mzee Ambakisye alikuwa anamtazama mumewe kwa jicho la pembeni, naye alikuwa anatazama dari.

Tulionyesha cha baba kwanza. Kicheko kilipotoka, ukumbi mzima ulishtuka kama zamani. Niliona fahari, nisiwafiche. Kisha tukaonyesha cha pili. Maneno ya Kitogo yalisikika kwa mara ya kwanza Mbeya: "Dada, watu mia nne." Rehani akageuka mgongo. Mabega yakatikisika. Wenzo ukavutwa, na hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyekohoa.

Taa zilipowaka, Bi Nsajigwa alikuwa benchi la mbele, mikono mapajani. Watu walimtazama wasijue waanzie wapi. Subilaga alikuwa kando yake na mtoto.

Mzee Ambakisye alisimama. Alipita katikati ya mabenchi pole pole, akiomba njia, koti limefungwa vifungo vyote, mpaka akasimama mbele yake.

"Kwa hiyo ulikuwa unalia," alisema.

"Nilikuwa nalia."

"Na sisi tukakuacha."

Bi Nsajigwa hakumjibu. Mzee alisubiri jibu kidogo, halikuja, akaonekana kukubali kwamba halitakuja leo. Alimgeukia Subilaga, akanyoosha mikono, naye akampa mtoto kwa wasiwasi. Mzee alimweka sawa kwenye kiwiko kama mtu aliyelea wengi, akamfunua uso, kisha akainama na kumlaza mapajani mwa Bi Nsajigwa.

"Nsajigwa," alimwambia mtoto, kwa sauti ambayo benchi la nyuma liliisikia. "Msalimie bibi yako."